Je, agape ni upendo wa Mungu peke yake?

Wengi hufundishwa kwamba Kigiriki kina maneno kadhaa ya upendo, na kwamba agape ni ule wa Mungu tu: safi, usio na masharti, usiochanganyika na tamaa. Fundisho hilo lina msingi. Agano Jipya hulitumia neno hili kwa uzito, na 1 Wakorintho 13 inalieleza vizuri kuliko kamusi yoyote.

Ila uzito huo unatoka kwenye maelezo yanayolizunguka neno. Yohana 3:19 inasema watu walipenda giza kuliko nuru, na kitenzi chake ni agapao, ndugu wa agape. Mfano mgumu zaidi uko 2 Samweli 13: mwana wa mfalme anamtamani dada yake wa baba mmoja, anambaka, kisha anamchukia. Katika mstari wa 15, tafsiri ya kale ya Kigiriki, iliyotangulia Agano Jipya, inaiita hisia yake ya mwanzo agape. (Mstari huu husomwa kwa nadra mimbarani, na si ajabu.) Naye Baba anampenda Mwana kwa agapao katika Yohana 3:35, lakini kwa fileo, kitenzi kingine cha Kigiriki cha kupenda, katika 5:20.

Kuhakiki hakudai ujue Kigiriki. Chukua konkodansi, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, yenye namba za Strong. Humo agapao ni namba 25 ya Kigiriki. Ifuate mstari kwa mstari, ukiangalia kila mara nani anapenda, na anapenda nini. Kwa 2 Samweli utahitaji Agano la Kale la Kigiriki, linalopatikana bure mtandaoni.