Damu Ikishatoka Mwilini

Mtu anapotolewa damu, macho huwa kwenye sindano. Akishabandikwa pamba, mawazo yanahamia kwenye majibu, na kile kichupa kinasahaulika. Sisi tunaopitia maombi ya utafiti, kichupa hicho ndicho hutuumiza vichwa.

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huohuo, lakini seli zake, zilizopewa jina la HeLa, ziliendelea kuzaana maabara, zikatumika kujaribia chanjo ya polio, zikauzwa duniani kote. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila habari. Wapo wanaowatetea madaktari wale kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi. Sawa, lakini hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947, iliyowahusu madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio, ilikuwa imeshataja ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza la majaribio kwa binadamu.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2013 watafiti waliweka mtandaoni ramani nzima ya vinasaba vya HeLa, na safari hii pia familia haikuulizwa. Marehemu hadhuriki tena, ila wajukuu wamerithi sehemu ya vinasaba hivyo, na ugonjwa unaoweza kusomwa humo unawahusu. Baada ya malalamiko, ramani iliondolewa, na wanafamilia wakapewa viti kwenye kamati inayoamua nani aruhusiwe kuiona.

Kwa hiyo ukiletewa fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti, usikimbilie mstari wa sahihi. Tafuta panapoelezwa mabaki ya sampuli: yatamwagwa, au yatakaa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka mingapi? Yatatumika kwa utafiti huu tu, au na mwingine wowote utakaokuja? Yatavuka mpaka? Yakigunduliwa yanayowahusu ndugu zako, nani ataambiwa?

Una haki ya kujitoa wakati wowote, na fomu nzuri husema hivyo waziwazi. Isichosema kila mara ni kwamba kichupa kinaweza kutolewa kwenye friji na kuharibiwa, lakini taarifa zako zikishachanganywa na za maelfu ya wengine na kuchapishwa, hazirudishwi.