Je, wajua kwa nini neno "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa bluu hukwamisha ulimi?

Mwandikie mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Goma neno "nyekundu" kwa kalamu ya bluu, "bluu" kwa kijani, "kijani" kwa nyekundu, jaza ukurasa mzima. Mwambie ataje rangi ya wino tu. Ataanza kwa mbwembwe, kisha atasita, atacheka, atataja neno badala ya wino.

Mmarekani John Ridley Stroop alichapisha jaribio hili mwaka 1935. Wanafunzi wa chuo walitaja rangi za viraba 100 kwa wastani wa sekunde 63 hivi. Viraba vilipogeuka kuwa maneno yanayopingana na wino wake, walihitaji kama 110. Cha ajabu, walipoambiwa wasome maneno na kuuacha wino, rangi haikuwachelewesha sana.

Sababu ni mazoea. Aliyezoea kusoma hasubiri kujiamulia kusoma. Jicho likigusa neno, maana imeshafika. Kutaja rangi ni kazi tusiyoizoea hivyo, nayo huja nyuma. Basi majibu mawili yanagombea mdomo mmoja. Umakini hauwezi kulifuta lile neno. Unachoweza ni kuipa rangi nguvu zaidi mpaka ishinde, na sekunde zinazopotea ndizo gharama ya ugomvi huo. Mtoto asiyejua kusoma bado hana shida: anataja rangi tu.

Kwetu tunaosoma Kifaransa shuleni na kuongea Kiswahili nyumbani, mtego ni mpana zaidi. Andika "rouge" kwa bluu, udai jibu kwa Kiswahili: ulimi bado utakwama, ingawa kwa kawaida si sana kama lugha ikiwa moja.

Masikio nayo yana vita vyao. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwapa watu maneno tofauti katika kila sikio, wayarudie kwa sauti yale ya upande mmoja tu. Upande wa pili ulipogeuka kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani, hawakugundua. Lakini mwaka 1959 mtafiti mwingine, Neville Moray, aliingiza majina ya wasikilizaji wenyewe upande ule uliopuuzwa, na kama theluthi moja waliyasikia.

Theluthi moja tu. Kwa hiyo rafiki anayebishana bei pale Birere, honi za motari zikilia pande zote, akikosa kuitika unapomwita, usimnunie haraka.