Je, wajua kwa nini "s" ya mtoto hupotea kwenye simu ya video?

Mtoto wa miaka 6 mwenye kithembe anasema "thamaki" akikusudia samaki. Mama aliyeketi naye mezani anaisikia kasoro hiyo bila shida. Mtaalamu wa tiba ya usemi, anayemfundisha kupitia simu ya video, anasikia "samaki" safi kabisa. Anaomba neno lirudiwe, safari hii anasikia "famaki". "Mwalimu, mbona huku anasema vilevile?" mama anauliza, na ana haki ya kushangaa.

Mkanganyiko wa namna hii uliwakuta wataalamu wengi kwa mpigo mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Tanzania zilifunguliwa tena Juni mwaka huohuo. Uganda wapo wanafunzi ambao hawakurudi darasani mpaka Januari 2022, na huko ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi Afrika Mashariki mwaka 2008. Watu waliozoea kukaa na mtoto uso kwa uso, kioo kidogo mkononi, ikawabidi wajue kushiriki skrini, kuchora kwenye ubao wa mtandaoni na kumpa mtoto nafasi ya kubofya picha mwenyewe. Hayo yanajifunzika kwa siku chache. Linalosumbua zaidi ni sikio.

Tuanze na sauti yenyewe. Ukitamka s, ulimi unasogea karibu na ufizi wa juu na kuacha mfereji mwembamba katikati. Hewa inapita humo kwa kasi na kugonga meno. Nyuzi za sauti kooni hazitetemi kabisa. Kinachotoka ni mvumo mkali wa hewa, na nguvu yake kubwa iko kati ya hezi 4000 na 8000, yaani mitetemo elfu nne hadi elfu nane kwa sekunde. Kwa mtoto hupanda zaidi, maana kinywa chake ni kidogo. Irabu zinakaa chini sana: a, e, i, o na u tunazitofautisha kwa mawimbi ambayo karibu yote yako chini ya hezi 3000.

Sasa, simu ya kawaida kwa desturi hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3400 tu. Kipimo hicho tumekirithi kutoka kwa mitambo ya simu ya karne iliyopita, na hesabu yake ilikuwa ya kibiashara: sauti ya kila mtu ikichukua nafasi ndogo, waya mmoja utabeba wasemaji wengi. Simu za kidijitali zilipokuja zilifuata njia ileile, zikapima sauti mara 8000 kwa sekunde, na kwa kanuni za hesabu huwezi kubeba mawimbi yanayozidi nusu ya idadi hiyo. Kwa kuagiza unga dukani inatosha na kubaki. Mtu akikwambia amenunua samaki kilo mbili, hata s isipofika ubongo wako unaijaza bila wewe kujua. Lakini jaribu kumtajia mtu jina geni kwa simu, utajikuta unasema "S ya Simba, F ya Fisi". Kinachotenga "sisi" na "fisi" ni ule upepo wa mwanzo tu, na upepo huo ndio uliokatwa.

Mtaalamu wa usemi ndiye mtu mmoja ambaye hatakiwi kuruhusu ubongo wake ujaze pengo. Kazi yake ni kusikia kilichotamkwa, hata kama anajua kabisa kilichokusudiwa.

Simu za video za intaneti hazifungwi na waya wa zamani. Nyingi hutumia mfumo wa kubana sauti uitwao Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, wenye uwezo wa kubeba mawimbi hadi hezi 20,000, mwisho wa usikivu wa binadamu. Tatizo ni kwamba Opus inajipunguza kulingana na hali: mtandao ukiwa mzuri inaweza kutumia hadi kilobiti 510 za data kwa sekunde, ukilegea inashuka mpaka 6. Inaposhuka, mawimbi ya juu ndiyo yanayotolewa kafara. Mazungumzo hayakatiki, kila kitu kinaeleweka, na s imeshaondoka bila kuaga.

Kuna na kichujio cha kelele. Programu za mikutano zimeundwa kuzima feni, mvua kwenye bati na muungurumo wa barabarani, ili bosi asikike. Kwa kompyuta, mvumo mrefu usiobadilika ni kelele. Na zoezi la kwanza la kurekebisha kithembe ni lipi? Ni mtoto kuvuta "sssss" ndefu, peke yake, bila irabu yoyote. Mtoto anajitahidi, mate yanamtoka, na upande wa pili unafika ukimya. Mtaalamu asiyejua habari hii anaweza kumwambia "jaribu tena" mtoto aliyepatia tangu mara ya kwanza, na hapo ndipo mtu anapomvunja mtoto moyo bila kukusudia.

Dawa ipo, ila haiko kwenye kompyuta ya mtaalamu. Kichujio mara nyingi hufanya kazi kwenye kifaa cha anayesema, kwa hiyo mama ndiye wa kuingia kwenye mipangilio ya simu yake na kukizima. Zoom ina mpangilio wa kutuma sauti kama ilivyo, ambao wanamuziki wanaujua vizuri, nao hufaa hapa. Halafu feni izimwe, mlango ufungwe, na simu iwekwe karibu na mtoto.

Hata hivyo njia ninayoiamini zaidi ni ya kizamani kidogo: kurekodi. Mama anawasha kinasa sauti cha simu yake wakati kipindi kinaendelea kwenye kifaa kingine, au baada ya kipindi kama simu ni moja tu. Rekodi hiyo haijapita mtandaoni, kwa hiyo s yote imo. Kisha inatumwa kama faili, wala si kama ujumbe wa sauti wa kawaida, kwa sababu ujumbe wa sauti unabanwa upya. Dakika moja ya sauti nzuri haizidi sana megabaiti 1. Linganisha na nusu saa ya video ya kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kurudi, ambayo inakula takriban megabaiti 270. Kwa familia inayonunua bando la siku, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atahudhuria wiki ijayo. Na kwa kuwa sauti na sura ya mtoto ni taarifa binafsi, ruhusa ya mzazi iombwe kwanza, na ijulikane rekodi zinatunzwa wapi na zitafutwa lini. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Sikio likishindwa, jicho linasaidia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha jambo la ajabu: ukimwekea mtu sauti ya "ba" juu ya picha ya mdomo unaosema "ga", watu wengi husikia "da". Macho yanaingilia kazi ya masikio hata usipotaka. Kwa kithembe hiyo ni neema, kwa sababu kosa lenyewe linaonekana: ncha ya ulimi inachungulia katikati ya meno. Ila ionekane kweli. Mtoto aliyekaa na dirisha mgongoni ni kivuli tu. Simu iliyolala mezani inaonyesha kidevu na matundu ya pua. Mwanga utoke mbele, kamera iinuliwe hadi usawa wa mdomo (vitabu viwili na sufuria iliyopinduliwa vinatosha), na mtoto asogee mpaka meno yaonekane. Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), watu huanza kugundua, na hapo jicho linaanza kudanganya badala ya kusaidia.

Kuna kithembe kingine ambacho hakionekani. Ulimi uko ndani ya meno kama inavyotakiwa, lakini hewa inatorokea pembeni, karibu na mashavu, na s inatoka na mate mate. Kliniki wataalamu hutumia mrija wa soda: unaushika mbele ya meno ya kati, mtoto anatamka s, na hewa ikipita katikati utausikia mrija ukivuma. Ukiusogeza pembeni na ukavuma huko, umeshajua inakotorokea. Mtandaoni mtaalamu hana mkono wa kushika mrija, kwa hiyo mama anaushika. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu: mzazi aliyezoea kusubiri benchi la nje anageuka kuwa mikono ya tabibu.

Je, inafaa kweli? Ushahidi upo wa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1970, hospitali ya maveterani ya Birmingham, Alabama, ilikuwa tayari inawatibu wagonjwa wa usemi kwa simu. Mwaka 2005 chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kiliikubali huduma ya mbali kuwa njia halali ya kazi. Mfano ninaoupenda unatoka Australia, kwa watoto wenye kigugumizi. Huko kuna programu ya Lidcombe, ambayo tangu asili mzazi ndiye anayeitekeleza nyumbani kila siku, akimsifu mtoto anaposema bila kukwama, na mtaalamu anamwelekeza mara moja kwa wiki. Mwaka 2016 yalichapishwa majaribio yaliyogawa watoto 49 kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa kliniki na wengine kwa kamera ya kompyuta. Wa kamera hawakuachwa nyuma. Sioni ajabu: mtendaji mkuu, yaani mzazi, alikuwa nyumbani tangu mwanzo.

Ila kigugumizi nacho kina mtego wake. Mtoto akikwama kabisa, mdomo wazi, sauti haitoki, kwenye skrini anafanana sawasawa na video iliyoganda. Ukisema "mtandao umekata, rudia", umemkatiza palepale pagumu. Dalili rahisi ni kutazama kitu kinachotembea nyuma yake: pazia likipepea, mtandao uko hai, nyamaza umsubiri. Tatizo linazidishwa na ucheleweshaji. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba watu huacha wastani wa milisekunde 200 tu kati ya msemaji mmoja na mwingine. Mtandao ukiongeza milisekunde 300 zake, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wanaanza pamoja, na programu inamzima mmoja wao. Mazoezi ya kusema kwa pamoja, "twende wote, sa-sa-sa", hayafai kabisa mtandaoni. Mtaalamu anajifunza kupokezana na mtoto kwa ishara ya mkono.

Vifaa vyenyewe, kadi za picha na michezo ya kubofya, vimejaa intaneti, lakini vingi vimetengenezwa kwa watoto wa Kiingereza. Humo s imewekwa mwisho wa maneno, sehemu ambayo maneno ya Kiswahili karibu yote hayana konsonanti. Mtoto wetu anahitaji s kabla ya irabu: samaki, sufuria, sindano, kisu, asali, basi. Vipimo navyo ni vichache. Mwaka 2015 watafiti Gangji, Pascoe na Smouse walichapisha takwimu za awali za matamshi ya watoto wadogo wa Kiswahili nchini Tanzania, na hadi leo kazi ya namna hiyo haijawa nyingi. Basi mtaalamu anapiga picha sufuria yake mwenyewe na kuipandisha kwenye skrini. Mimi naona ni bora hivyo. Mtoto anaijua sufuria ile, hana haja ya kuelezwa theluji ni nini.

Tofauti ya l na r inageuza mambo yote juu chini. R ya Kiswahili ni pigo moja la ulimi kwenye ufizi, la milisekunde 20 hadi 30. Video ya picha 30 kwa sekunde inapiga picha moja kila milisekunde 33, na mtandao ukilegea zinaweza kushuka hadi 15 kwa sekunde. Pigo zima linaweza kupita katikati ya picha mbili. Usijisumbue kulitafuta kwa macho. Lakini alama zinazotenga "karamu" na "kalamu" nyingi ziko chini ya hezi 3400, kwa hiyo hata simu mbovu inazifikisha salama. S unaiona usiisikie, r unaisikia usiione. Ningekuwa mtaalamu mwenye vipindi viwili tu vya bando mbovu, ningeanza na r.

Na hapo kazi ya mtandaoni inatoa kitu ambacho chumba cha kliniki hakitoi: nyumba inasikika. Mtoto anatamka "kura" badala ya "kula", mwalimu wa darasa ameandika kuwa ana tatizo, na katikati ya kipindi bibi anaita kutoka jikoni, "Njoo kura, chakula kinapoa!" Katika lugha kama Kikuyu hakuna l ya asili, na mtoto amesema kama wanavyosema waliomlea. Mtaalamu anafuta r kwenye orodha ya kutibiwa, anamwandikia mwalimu wa darasa kumweleza sababu, na kumruhusu mtoto akale.