Gesi Zinazousaidia Mmea Kustahimili Metali Nzito: Maswali na Majibu

Metali nzito huudhuru mmea vipi?

Kadimiamu, risasi na zebaki hazina kazi yenye manufaa katika mmea, lakini kadimiamu hupenya kupitia milango ile ile ya mizizi inayopitisha chuma, zinki na manganizi. Mche uliooteshwa katika maji yenye kadimiamu hudumaa mzizi, ncha yake hugeuka kahawia, na majani hupauka, kwa sababu ndani ya seli huzalishwa oksijeni kali inayounguza utando.

Gesi zinahusikaje?

Mmea wenyewe hutengeneza, kwa kiasi kidogo mno, gesi kama oksidi ya nitriki na haidrojeni salfaidi, ambazo kwa udogo wake hupita kwenye utando wa seli kwa urahisi na kufanya kazi ya mjumbe. Haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, hutokana na asidi amino iitwayo sisteini. Inapoongezeka, seli huunda kwa wingi glutathioni, molekuli ndogo inayoilinda seli, na glutathioni ndiyo malighafi ya fitokelatini, molekuli zinazoikamata kadimiamu ili ifungiwe ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha kuhifadhia vitu ndani ya seli. Oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake katika mishipa ya damu ya binadamu iliwapa watafiti watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998, huchochea vimeng'enya vinavyoizima oksijeni kali. Hata hivyo, isisifiwe kupita kiasi, kwani katika baadhi ya majaribio imeongeza ufyonzaji wa kadimiamu.

Je, mmea uliostahimili ni salama kuliwa?

Si lazima, na hili ndilo ningependa msomaji alishike. Metali iliyofungiwa katika vakuoli za jani bado imo ndani ya jani, na alaye jani huila, ingawa lina kijani kizuri. Mwilini, kadimiamu hujikusanya hasa kwenye figo, ambako huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu. Kwa hiyo kinachopimwa maabara ni udongo pamoja na sehemu ya mmea inayoliwa. Rangi ya majani haitoshi.

Naweza kutumia gesi hizi shambani?

Hapana. Watafiti hutumia chumvi zinazozitoa gesi hizo kidogo kidogo, kwa vipimo vya uangalifu. Haidrojeni salfaidi ikivutwa kwa wingi huua, tena huifisha ganzi pua, hivyo harufu kutoweka si dalili kwamba gesi imekwisha.