Mlango wa 900 si nafasi ya 900

"Mlango ni wa milimita 900, kiti kitapita." Kauli hii naikuta kwenye michoro kutoka Kampala hadi Arua, na imeshatupatia majengo mapya yenye rampu nzuri ya 1:12, yaani kupanda kimo kimoja kwa kila urefu wa kumi na mbili, inayomfikisha mtu wa kiti cha magurudumu mlangoni na kumwacha hapohapo. Hapa Uganda tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, na bado tunakwamia kwenye hesabu ya kutoa.

Mara nyingi ile 900 ni ya tundu la ukutani. Toa fremu ya mbao, milimita 50 kila upande: zimebaki 800. Tundika ubao wa mlango wenye unene wa 45, ufungue nyuzi 90. Ubao hauondoki njiani. Unasimama ndani ya uwazi na, hata ukiondoa sehemu iliyofichwa na ukingo wa fremu, umekula 30 nyingine. Umebaki na 770 hivi. Kiti cha mtu mzima kina 650 hadi 700, ndiyo, lakini anayekisukuma kwa mikono ana vifundo vya vidole nje ya magurudumu, na ndivyo vinavyochubuka kwenye fremu. Kiwango cha Marekani kinadai 815 za uwazi mtupu. Mimi naandika 850, na tundu liwe 1000.

Milango yenye mbao mbili zinazofunguka, kushoto na kulia: ya 1200 iliyogawanywa nusu kwa nusu, ubao mmoja ukiwa umefungwa kwa komeo la juu ambalo aliyeketi halifikii, inatoa chini ya 550. Panua tundu, gawa pasipo usawa, ubao mkubwa utoshe peke yake.

Lakini upana ni nusu ya kazi, na hii nusu ya pili ndiyo inayopuuzwa hata na wasanifu wazuri: ukuta ulio upande wa kitasa. Wewe uliyesimama unavuta mlango, unarudi hatua nusu, unapita. Aliyeketi ana miguu na vikanyagio vilivyotangulia mbele yake. Akiukabili mlango moja kwa moja, ubao anaouvuta unampiga magotini. Lazima akae pembeni ya ubao, upande wa kitasa, auvute upite mbele yake, kisha aingie. Mlango ukibanwa kwenye kona ya chumba, hapo pembeni hapakaliki: vikanyagio vinagonga ukuta na mkono haukifikii kitasa. Unaweza kuwa na uwazi wa mita nzima na mtu asiingie.

Kwa hiyo acha ukuta mtupu pembeni ya kitasa, upande wa kuvuta. Wamarekani wanasema 455. Ninaomba 600, kwa sababu nguzo ya zege huongezeka baadaye, na baada ya nguzo huja pipa la taka na mtungi wa kuzimia moto. Upande wa kusukuma 300 hutosha. Najua kwa nini mlango unasogezwa kwenye kona: mwenye nyumba anataka ukuta wa kuwekea kabati. Mwambie wazi kwamba kabati linaweza kuhamishwa, tundu la mlango haliwezi.

Kizingiti nacho. Mafundi wetu wa chuma huchomelea upau chini ya fremu ili isipinde ikisafirishwa. Ni busara, ila upau huo hubaki umeinuka juu ya sakafu, na magurudumu madogo ya mbele hukwama hapo. Ukomo ni milimita 13, na yenyewe ichongwe mteremko. Ukate upau fremu ikishashika, au uuzamishe, ukikumbuka kuhesabu vigae na saruji yake tangu mwanzo. Kama hofu ni maji ya mvua, weka mfereji wenye wavu mbele ya mlango, msiinue sakafu.

Mlango wa choo ufunguke nje. Ukifunguka ndani, mtu akiingia hawezi kuufunga nyuma yake, na akianguka mwili wake unauzuia.

Kuna kipimo kimoja nakitumia bila kukiamini sawasawa: duara la kugeukia la 1500. Linakifaa kiti cha kawaida cha kusukuma. Hapa Uganda wengi wanatumia viti virefu vya magurudumu matatu, vilivyotengenezwa kwa barabara za vumbi, na baiskeli za kupiga pedali kwa mikono. Hizo hazigeuki kwenye 1500. Nikipata nafasi natoa 1800, na karibu na mlango mkuu natenga mahali penye paa pa kuegesha baiskeli na kuhamia kiti cha ndani. Vitabu vinatoa 1500 kana kwamba viti vyote ni ndugu.

Jengo likiwa limeshajengwa, usikimbilie kuvunja ukuta. Kwanza pima: mlango ukiwa wazi nyuzi 90, vuta futi kamba kutoka uso wa ubao hadi ukingo wa fremu ng'ambo. Ukikosa 30 au 40, fundi mzuri wa chuma, mtaa wa Katwe jijini Kampala wapo wengi, anaweza kukukunjia bawaba zenye mkono uliopinda zinazoutoa ubao wote nje ya uwazi, mradi ukuta wa upande wa bawaba uko huru. Ukikosa zaidi ya hapo, ng'oa fremu.