Sachi imetoka safi. Wakili wa nini tena?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wanunuzi wa ploti hapa Mombasa, na mara nyingi anayeuliza ameshatoa arbuni. Muuzaji ana hatimiliki, sachi, yaani upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi, imetoka na jina lake, hakuna mkopo wala kaveti (zuio la kuuza). Kimebaki nini?

Kimebaki kujua ardhi ilimfikiaje. Kuna kiwanja cha ufuoni Nyali kilichogawiwa mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikauzwa na baadaye kikaangukia mikononi mwa kampuni ya Dina Management. Hati walikuwa nayo. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikavunja ukuta wao, ikidai pale ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakasema wazi: hati peke yake haitoshi. Ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, basi na aliyenunua baadaye hana kinga.

Kwa hiyo siku hizi sachi kwangu ni mwanzo tu. Naomba kadi ya kijani, ile yenye maingizo yote tangu rejista ilipofunguliwa, na kuisoma mstari kwa mstari: nani alikuwa wa kwanza, alipewa na nani, alimuuzia nani, tarehe zinafuatana? Savea naye huenda na ramani kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka. Ploti uliyoonyeshwa na dalali na ploti iliyo kwenye hati huwa si moja kila mara.

"Mwenye jina alifariki, lakini watoto wote wamekubali kuuza." Jamani! Hapa ndipo watu wanapozamisha akiba za miaka. Makubaliano ya watoto, hata yakiandikwa mbele ya chifu na mzee wa mtaa, hayahamishi ardhi. Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu mgao hufuata sharia na wengi huenda kwa Kadhi, lakini msajili wa ardhi bado atataka amri ya mahakama. Ukiambiwa ulipe nusu ili familia ipate pesa za kuendeshea mirathi, rudi nyumbani na pesa zako.

Shamba la kilimo lina lake: kibali cha bodi ya ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mkataba ni batili. Na kama ni nyumba ya ndoa, mume hauzi bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe.

(Zile nyumba bila ardhi za Majengo nitaziandikia siku yake. Huko unanunua kuta na paa, na mwenye kiwanja utaendelea kumlipa.)

Gharama je? Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, 4% mjini na 2% mashambani. Mthamini wa serikali ndiye anayekagua thamani, kwa hiyo kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakukusaidii kitu. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, 15% tangu Januari 2023. Ada ya wakili ina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria. Anayekubali kwenda chini ya hapo ameshavunja kanuni za kazi yake kabla hajaanza yako.

Wakili mwenyewe mtafute kwa jina kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria, LSK, uone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Hakikisha jina lake limeandikwa kwenye mkataba kama aliyeuandaa. Dalali anayekuchapia mkataba kwenye saiba kwa malipo anatenda kosa. Usitumie wakili wa muuzaji eti mpunguze gharama, kwa sababu mkikosana hatajua asimame na nani. Muulize pia nani hasa atakayeshika faili lako, yeye au karani.

Na arbuni, ambayo kwa kawaida ni 10%, isiingie kwenye simu ya mtu. Ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme itatoka lini, na itarudi vipi mauzo yakikwama.