Kuku wakifa kwa mkupuo, usikimbilie kisu

Simu ninazopigiwa na wafugaji wa Ilemela na Magu hufanana: jana jioni kuku walizubaa, leo asubuhi kadhaa wamekufa. "Daktari, tuwachinje waliobaki kabla hawajafa?" Nasema hapana, na jibu hilo halipendwi, maana kuku aliyechinjwa ana bei, mzoga hauna.

Mara nyingi muuaji ni mdondo, wengine huuita kideri. Huo unamaliza banda, lakini kwa binadamu hauzidi macho mekundu ya siku chache. Shida ni kwamba mafua makali ya ndege nayo huua hivyohivyo: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga na ndevu kugeuka bluu, kuharisha. Kwa macho tu hata mimi siwezi kuyatofautisha. Maabara ndiyo inayoamua.

Ndiyo maana nang'ang'ania chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, kurudiwa kila miezi mitatu. Wengi hudhani nawatetea kuku peke yao. Banda lililochanjwa vizuri likianza kupukutika, nashtuka na kuchukua sampuli siku hiyohiyo. Kijiji kisichochanja, mafua ya ndege yanaweza kupita kwa jina la mdondo na hakuna atakayeuliza.

Na kwenye Ziwa Victoria mafua hayo yameshafika. Januari 2017 Uganda ilitangaza aina ya H5N8 baada ya buabua wengi, ndege pori wa majini, kuokotwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Bata na kuku wa kufugwa nao waliugua upande wa Masaka. Buabua hao huzaliana Ulaya na Asia, kisha hukimbilia kwetu kwenye baridi ya huko. Tanzania ilizuia vifaranga kutoka nje mwaka 2006, na mwaka huohuo wa 2017 vifaranga 6,400 vilichomwa moto mpakani Namanga, kelele zikawa nyingi. Naona sababu ya zuio, ila buabua hapiti Namanga.

Watu huniuliza zaidi kuhusu korongo wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mimi nawaogopa bata wa nyumbani: mchana wanaogelea na ndege pori, jioni wanalala banda moja na kuku. Bata anaweza kubeba virusi na asionyeshe dalili yoyote.

Sasa binadamu. H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, ilijulikana kwa watu Hong Kong mwaka 1997: waliugua 18, wakafa 6. Misri ilipata wagonjwa zaidi ya 350, wengi wao watu waliofuga kuku nyumbani. Tangu 2003, karibu nusu ya wagonjwa walioripotiwa duniani wamefariki, ingawa wenye dalili ndogo huenda hawakuhesabiwa. Virusi hivi hushika vizuri zaidi seli za ndani kabisa ya mapafu kuliko za puani na kooni, hivyo ni nadra mtu kumwambukiza mwenzake. Vinashika pia seli za jicho. Marekani, ambako ng'ombe wa maziwa waliambukizwa mwaka 2024, vibarua wengi walioambukizwa waliishia na macho mekundu. Hofu yetu wataalamu ni virusi kubadilika na kuzoea pua zetu.

Kuku aliyeiva hadi ndani hana neno, nyuzi joto 70 zinaua virusi. Anayepata dhara ni yule aliyechinja, aliyenyonyoa na aliyetoa matumbo, akivuta mvuke wa sufuria ambayo kuku wote wa siku hiyo wamelowekwa. Sokoni kazi hiyo ni ya akina mama na vijana, na sijawahi kuona bosi akiwanunulia barakoa.

Kwa hiyo: mizoga isiguswe kwa mikono mitupu, wala isitupwe ziwani au kupewa mbwa. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata kwanza, achukue sampuli, ndipo mfukie shimo refu na chokaa. Na ukipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku kumi, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba ulishika kuku waliokufa. Huku kwetu homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, na dawa ya mafua haya hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.